Jina la Kumi na Moja

Jumatatu, 7 Septemba 2009

Dod Gemmell ametugawia madaftari kamati nzima. Anataka tuandike kila siku mpaka kumbukumbu ya miaka hamsini ipite, kisha madaftari yawekwe mezani pale Klabu ya Wachimbaji, watu wayafunue. Nikamwambia miaka thelathini nimepika chakula cha shule, ninachojua kuandika ni orodha ya viazi.

"Basi andika viazi, Rena."

Dod ana miaka sabini na minane. Kati ya wale walioshuka mgodini kuokoa watu mwaka ule wa moto, hapa kwetu Drumgarrie amebaki yeye peke yake, kwa hiyo akisema andika, unaandika. Haya. Leo mvua. Viazi kilo mbili, karoti, nyama ya kusaga. Mama amekula nusu akasema chumvi haitoshi.

Jumatano, 9 Septemba

Mvua. Mama kasema chumvi imezidi.

Jumapili, 13 Septemba

Nimempeleka mama kwenye jiwe, kama kila Jumapili. Liko pale palipokuwa lango la mgodi. Siku hizi ni nyasi na bembea mbili. Majina kumi na moja, yamepangwa kwa umri, mkubwa kwanza. La mwisho ni la baba yangu: Airchie Haddow, miaka ishirini na tisa.

Moto ulishika chini huko tarehe 23 Oktoba 1959. Siku ya pili wakubwa wa mgodi wakaamuru njia izibwe kwa ukuta wa matofali ili moto ukose hewa. Wale kumi na moja wako nyuma ya ukuta mpaka leo. Hatukuzika mtu hata mmoja. Tangu nina miaka kumi na mitano mimi ndiye ninayesoma majina kila Oktoba, kwa sababu nina sauti na kwa sababu ni binti wa mmoja wao.

Mama, na miaka yake sabini na tisa, hulifuta jiwe kwa leso. Watu wakipita hupunguza mwendo. Hapa kwetu mjane wa mgodi ni mtu.

Alhamisi, 17 Septemba

Sijui nianzie wapi. Imekuja barua. Nainakili kama ilivyo, maana naogopa kesho nitasema niliisoma vibaya.

"Bi. Haddow, hunijui. Naitwa Lorna Hay, ni muuguzi huku Corby. Picha ya jiwe lenu nimeiona kwenye mtandao. Baba yangu aliitwa Archie Hay, alifanya kazi kiwanda cha chuma, akafariki mwaka 1991. Mama alipofariki Aprili hii nilikuta ndani ya boksi la viatu kipande cha gazeti cha Oktoba 1959 chenye majina ya waliokufa mgodini kwenu. Jina la Airchie Haddow limezungushiwa wino. Chini yake palikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtu huyo huyo. Sitaki chochote. Nataka tu uniambie kama nimekosea."

Na picha. Mzee yuko ufukweni, amekunja suruali, anacheka. Sigara kaishika kati ya kidole cha kati na cha pete, kwa kuwa cha shahada hakina ncha. Baba yangu ncha ya kidole hicho ilikatwa na toroli la makaa akiwa na miaka kumi na tisa.

Nimekaa kwenye ngazi. Nimeinuka. Nimekaa tena.

Kama baba alikufa mwaka 1991, miaka yote hii namsomea nani?

Ijumaa, 18 Septemba

Watu wangapi duniani wamekatika kidole? Wengi.

Jumamosi, 19 Septemba

Ni yeye. Masikio ni yangu.

Jumanne, 22 Septemba

Nimejaribu kwa mbali, tukikunja shuka.

"Mama, baba alivaa nini asubuhi ile?"

"Nguo za kazi. Ulitaka avae nini, suti ya harusi?"

"Nauliza tu."

"Vuta upande wako, shuka linaburuza."

Sikuona chochote usoni mwake. Lakini kumbe mimi ni nani wa kusoma uso wa mama? Nimeishi naye maisha yangu yote, na leo nimemtazama kama ninavyomtazama mtu nikiwa kituoni nasubiri basi.

Jumatatu, 28 Septemba

Nimemwonyesha Dod barua. Tulikuwa peke yetu Klabuni tukipanga viti. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Haiwezekani," akasema. "Kila mtu alikuwa na kibati chake cha shaba chenye namba. Unatoka nacho nyumbani, unakionyesha ukichukua taa, unashuka nacho, ukipanda unakionyesha tena. Jioni ile namba kumi na moja hazikurudi. Ya baba yako ilikuwamo. Mia mbili na sita. Naikumbuka kama namba ya mlango wangu."

"Na uso wake uliuona akishuka?"

Akatazama dirishani. Nje kulikuwa na ukungu hata uwanja wa kubingirisha mipira hauonekani.

"Aliyegawa taa alikuwa mzee, haoni vizuri. Alisoma namba, hakutazama sura," akasema mwishowe. "Na wote waliokuwa naye chini wamekufa. Sisi tulihesabu shaba, Rena. Hatukuhesabu watu."

"Basi nani aliyeshuka na kibati cha baba?"

"Usiniulize mimi. Na tafadhali usiulize mtu mwingine kabla ya tarehe ishirini na tatu."

Jumanne, 29 Septemba

Nilikuwa naosha sufuria nikaacha maji yakimwagika mpaka sakafuni.

Tulikuwa na mpangaji.

Alitoka Lithuania baada ya vita, akaja kufanya kazi ya makaa kama wengi wa kwao. Jina lake liliwashinda wachimbaji, wakamwita Joe Ball. Alilala kwenye kitanda cha jikoni kwetu, akifanya zamu ya usiku. Alitia kiazisukari chekundu kwenye supu mpaka mama akapiga kelele kwamba jikoni kumekuwa buchani. Alinisimamisha juu ya viatu vyake akanichezesha dansi. Mimi aliniita sungura, kwa lugha yake. Alinichongea mwiko mdogo wa mti.

Wiki ile baba alipokufa, mama aliniambia Joe ameondoka, ameenda Kanada. Sikumwelewa mtu anayeondoka bila kuaga, tena kwenye nyumba yenye msiba. Nilikuwa na miaka saba. Niliuvunja mwiko nikautupa mtoni. Nilimchukia Joe Ball kuliko nilivyomlilia baba, na hilo sijawahi kumwambia mtu.

Sitaki kumalizia ninachowaza.

Alhamisi, 1 Oktoba

Baridi ya kwanza. Nimempigia Lorna simu. Ana sauti nzuri. Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia. Anakuja Jumamosi.

Jumamosi, 3 Oktoba

Nilikuwa nimepanga kumpokea Lorna kituoni, nimpeleke Klabuni, mama asijue. Basi likawahi. Kufika kituoni sikumkuta. Akawa ameshauliza njia, na hapa kwetu ukiuliza nyumba ya Haddow watu watatu wanakusindikiza. Nikarudi mbio. Nikamkuta amekaa jikoni, koti bado mwilini, mama yuko mbele yake na buli la chai mkononi.

Mama alikuwa anamkagua kama anavyokagua samaki wa Ijumaa.

"Una pua yake," akamwambia. "Pole."

Akasogeza vikombe mezani.

"Alikufa lini?"

"Mwaka tisini na moja, mama," Lorna akajibu. "Moyo."

"Moyo," mama akasema. "Ala! Kumbe alikuwa nao."

Akamimina chai vikombe vitatu, akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Lorna akaanza kulia, na mimi nikajikuta namfuta machozi kwa taulo la vyombo, mtoto wa mwanamke ambaye sijui hata jina lake. Akaniambia baba alikuwa mtu mpole, hakupiga mtu, hakulewa. Alikuwa hawezi kulala taa ikizimwa. Ninayemkumbuka mimi alikuwa akirudi Ijumaa amelewa, anapiga teke mlango. Nikawa nasikiliza habari za mtu mwema nisiyemjua mwenye kidole cha baba yangu.

Kwa hiyo mama alijua. Hilo ndilo lililobaki nyumba ilipotulia. Mama alijua kwamba hakufa.

Jumapili, 4 Oktoba

Hasemi.

Jumatatu, 5 Oktoba

Hasemi. Kala supu ya dengu.

Alhamisi, 8 Oktoba

Mvua ya kutwa. Ina Yuille amepita kuuliza mama atavaa koti gani siku ya kumbukumbu, ili lake lisifanane. Mumewe ni jina la nne kwenye jiwe. Kila mwaka yeye na mama husimama wameshikana mikono. "Mama yako mgonjwa?" akauliza. Nikasema mafua. Sasa na mimi nimeshaanza kusema uongo wa nyumba hii.

Jumapili, 11 Oktoba

Leo amesema.

Tulikuwa tunamenya viazi. Hakuniangalia hata mara moja, alikiambia kisu.

"Alhamisi jioni baba yako alichukua sanduku. Alivaa viatu vya kanisani. Akasema amechoka kukaa chini ya ardhi mchana na chini yangu usiku. Nikamwambia toka basi. Siku zote alitoka, siku zote alirudi Jumatatu. Lakini msimamizi alikuwa ameshampa onyo: ukikosa zamu moja tena, kazi huna. Na nyumba ilikuwa ya mgodi, Rena. Asiye na kazi hana nyumba. Kibati alikiacha kwenye ndoano mlangoni."

Akamenya kiazi kizima.

"Asubuhi Joe alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu ya usiku. Hajalala. Uso mweusi bado. Nikamwambia, Joe, niokolee nyumba yangu. Siku moja tu. Yule mzee wa taa haoni. Akacheka. Alikunywa chai amesimama, akachukua kibati, akaenda."

"Mama."

"Mimi ndiye niliyempa. Kwa mkono huu."

Nikamuuliza kwa nini alisema Kanada. Akasema siku ile ya kwanza alisema ili mimi niache kuuliza. Kesho yake watu wakaja na mikate na maua wakamwita mjane. "Ningewaambia nini? Kwamba mume wangu yuko hai na mwanamke mwingine, na mpangaji wangu nimemuua? Wangenitoa hapa na wewe mgongoni. Nikasema nitawaambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa hii."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumrushia sufuria. Kweli kabisa, mikono yangu haikujua ifanye lipi. Nikafikiria Jumapili zote zile na leso yake kwenye jiwe.

"Ulimpenda?"

"Nani?"

"Joe."

Akanisogezea kiazi changu. "Toa macho ya hicho. Umeacha mawili."

Jumanne, 13 Oktoba

Nimemweleza Dod yote. Tulizunguka kile kilima cha mabaki ya makaa, ambacho sasa kimeota miti mpaka wageni hudhani ni kilima cha Mungu.

"Jiwe si ubao wa shule," akasema. "Huwezi kufuta ukaandika."

"Kuna mtu chini hana jina, Dod. Watoto wa kwao labda wanamngoja."

"Sikatai. Nasema ngoja. Watu wamechoka, Rena. Mgodi umeondoka, shule imefungwa, basi linapita mara moja kwa saa likijisikia. Tulichobaki nacho ni majina kumi na moja. Usitupunguzie."

"Bado ni kumi na moja."

Alisimama akashika mti. Nikadhani ameishiwa pumzi. Kifua chake kimejaa vumbi la miaka thelathini. Kisha nikaona analia.

"Mimi ndiye niliyepitisha matofali," akasema. "Tofali moja moja, kwa mkono. Na kila tofali nilikuwa namtaja mtu, ili nisimsahau. Nimemtaja baba yako miaka hamsini. Yule mwingine sikumtaja hata mara moja."

Miaka yote nimemwona Dod kama nguzo. Sijui sasa nimwoneje.

Ijumaa, 16 Oktoba

Bendi imefanya mazoezi. Tarumbeta moja inakoroma. Mimi na Dod bado hatujaamua jina lipi lisomwe.

Jumatano, 21 Oktoba

Nimeandika orodha mara sita. Nikiandika Airchie nasikia naongopa. Nikiandika Joe Ball nasikia naongopa pia, kwa sababu hilo si jina, ni mzaha wa watu waliochoka. Jina lake la kweli silijui. Nilikula supu yake na jina lake silijui.

Ijumaa, 23 Oktoba

Hakukunyesha, ajabu. Jua jembamba, baridi ya kuuma masikio. Watu walikuwa labda mia tatu, wengine wamerudi kutoka miji ya mbali. Lorna alisimama nyuma kabisa karibu na bembea. Ina na mama mbele, wameshikana mikono, makoti hayafanani.

Nilisoma polepole. Baada ya kila jina Dod aligonga kengele ya mgodi. Nilifika la kumi. Kengele. Nikafungua mdomo. Nakiri sikuwa nimeamua. Karatasi ilikuwa na jina la baba, na ulimi wangu ukakataa kuinuka. Watu wakaanza kuinua macho. Nadhani walidhani nimezidiwa na majonzi.

Mama akasogea mbele na fimbo yake.

"Airchie Haddow hayumo," akasema. Hakupaza sauti, lakini mama yangu hajawahi kuhitaji kupaza. "Yuko Corby, alizikwa mwaka tisini na moja. Aliyemo ni Juozas Balčiūnas, wa kijiji cha Užupiai, mwana wa Petras. Alikuwa na miaka thelathini na tano. Alishuka na kibati cha mume wangu kwa sababu mimi nilimwomba. Nikawaambia nyote ameondoka. Hakuondoka."

Alilitamka jina lile lote bila kukwama, kwa namna ambayo mtu hawezi kulijua kwa kulisoma tu.

Ina Yuille alikuwa bado amenyoosha mkono, akautazama, akauingiza mfukoni. Nyuma kuna mtu alisema, "Nini? Kasema nini?" na mwingine akamnyamazisha. Kijana wa tarumbeta alikuwa ameshaiweka mdomoni na hajui apige au asipige, kama mimi tu. Kuna wawili waligeuka wakaondoka. Mmoja alitema mate, mbali, lakini nilimwona.

Kisha Dod akavua kofia.

"Soma tena, Rena," akasema. "Toka mwanzo. Mama yako asimame hapo akusaidie lile la mwisho."

Nikasoma tena. Tulipofika la kumi na moja mama alilisema mara ya kwanza, mimi nikarudia, nikakosea. Akalisema tena, nikalipata. Dod akagonga kengele.

Sijui kama tulifanya vizuri. Nilirudi nyumbani nimemshika mama mkono, na mkono wake ulikuwa moto kama mkate.

Jumatatu, 26 Oktoba

Dukani watu wamenisalimu kwa kutikisa kichwa. Daiva, yule msichana wa duka la mikate, naye ni wa Lithuania. Akaniomba nimwandikie jina la kijiji. Atamwandikia paroko wa huko.

Ijumaa, 30 Oktoba

Mtu ameacha maua kwenye jiwe. Mtu mwingine ameyaondoa. Leo yamerudi.

Jumamosi, 7 Novemba

Ina Yuille amekuja. Hakugonga. Aliingia akasimama katikati ya jikoni na koti lake.

"Miaka hamsini nimekuwekea kiti, Beenie," akamwambia mama.

"Najua."

"Watu walisema utaolewa tena, nikasema, yule? Hawezi, bado anamlilia Airchie. Niliwagombeza kwa ajili yako! Ulikuwa unamlilia nani?"

"Wa kwangu," mama akasema.

Ina alibaki amesimama. Nilidhani atampiga. Mwishowe akavuta kiti.

"Mwanamke wewe," akasema. "Mwanamke mbaya wewe. Hata mimi hukuniambia." Na wakakaa hivyo, hakuna anayemtazama mwenzake, mpaka saa kumi na moja ilipofika na Ina akasema lazima akalishe paka.

Alhamisi, 19 Novemba

Theluji kidogo, imeyeyuka. Kamati imekubali: fundi wa mawe atakuja majira ya kuchipua. Walikuwa hawajui wafanye nini na jina la baba. Nimempigia Lorna. "Lifuteni," akasema. "Huku ana kaburi lake. Mimi namletea maua." Tuliongea saa nzima, mengi kuhusu masikio.

Dod ameniambia sasa kila asubuhi anajifunza kulitamka. Yuko kwenye nusu ya kwanza.

Jumatatu, 30 Novemba

Barua ya paroko imefika, ndani yake mna nyingine, ya mwandiko wa kizee. Dada yake Juozas yu hai. Anaitwa Ona, ana miaka themanini. Daiva alikuja na aproni yake ya kazi akatusomea, akitafsiri sentensi moja moja.

Ona anasema mpaka mwaka 1958 kaka yake aliandika kila Krismasi, halafu akanyamaza. Walidhani amepata maisha mazuri akawasahau. Mama yao alikufa akiwa amemkasirikia. Anasema hana mengi ya kuuliza, ila hili moja: huko ugenini, kaka yake alikuwa na mtu?

Daiva alikunja barua akaondoka kimya kimya, mikate inamngoja. Mama akaomba miwani, kalamu na karatasi zisizo na mistari. Nikamwambia anitajie maneno mimi niandike, vidole vyake vina baridi yabisi.

"Niachie," akasema.

Ameanza saa nne asubuhi na sasa ni saa tisa. Chai nimeipasha mara mbili. Yuko ukurasa wa tano, amezungushia karatasi mkono wa kushoto kama mtoto wa darasani anayezuia jirani asinakili. Nimevaa koti nikatoka kufagia majani, nikayafagia hata yale ya kwa jirani.